Anza na Mvumo, Mjomba

Minneapolis, Marekani

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam alaikum, na shikamoo. Ama baada ya salamu, ujumbe wako umenifika. Unasema umesikiliza yote iliyomo katika ile flashi niliyokutumia, muziki wa India na wa Tibet, na ulichokipata ni mlio wa nyuki tangu mwanzo hadi mwisho, na filimbi inayopita mbali. Masikio yako ni mazima, Mjomba. Tatizo ni kwamba umeusikilizia muziki huo kwenye simu, na simu inaukata miguu.

Spika ya simu, kwa udogo wake, haitoi kitu cha maana chini ya mitetemo 300 hivi kwa sekunde. Watawa wa Gyuto, Wabudha wa Tibet, wale wanaoimba kwa koo zito katika kipande cha tatu, sauti yao ya chini iko baina ya mitetemo 60 na 80. Simu inakupa kivuli chake tu. Tabla ndiyo inayoumia zaidi. Wewe tabla unaijua tangu taarabu za Juma Bhalo, kwa hiyo hesabu nami tintal, mzunguko wa Kihindi wa mapigo 16, kila pigo na jina lake: dha dhin dhin dha, dha dhin dhin dha, dha tin tin ta, ta dhin dhin dha. Kwenye dha na dhin mikono yote miwili inapiga. Kwenye tin na ta ngoma ya kushoto, bayan, ile yenye besi, inanyamaza. Kuanzia pigo la 10 hadi la 13 chini kunakuwa kutupu, na utupu huo ndio unaomwambia msikilizaji yuko wapi katika mzunguko. Sasa kama spika yako haitoi besi hata kidogo, utaujuaje huo utupu? Mapigo yote 16 yatakuwa sawasawa, nawe utachoka kabla ya dakika ya pili.

Basi tafuta ile redio kubwa yenye spika mbili, au hedifoni ya waya inayofunika sikio lote. Ukitumia hedifoni, usipandishe sauti sana: Shirika la Afya Duniani linataka desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa wiki.

Mlio wa nyuki ni tanpura, ala ya nyuzi ya Kihindi. Mara nyingi ina nyuzi nne, zinaguswa mmoja mmoja, polepole, bila kukoma: Pa, Sa, Sa, kisha Sa ya chini. Hayo ni majina ya sauti za Kihindi, kama do-re-mi. Sa ndiyo nyumbani, na kila sauti nyingine hupimwa kutoka hapo. Kile kipande kinachobeba nyuzi upande wa chini ni kipana na kimepinda kidogo, na baina yake na kila uzi hupitishwa kiuzi cha pamba. Kiuzi kikisogezwa unywele mmoja, mlio hufunguka ukawa na sauti nyingi juu yake. Kikizidi kusogezwa, hufa. Anayesema tanpura inakwaruza hajui kwamba mkwaruzo huo umetafutwa kwa bidii. Raga, yaani mipango ya sauti ambayo nyimbo za Kihindi hujengwa juu yake, nyingine hazina Pa kabisa, Malkauns kwa mfano, na hapo uzi wa kwanza hutegwa kwenye Ma. Ukisikia kipande cha sita kinaanza tofauti na cha pili, sababu ni hiyo.

Anza na kipande cha pili. Dakika tatu za kwanza usiifuate filimbi hata kama ni tamu. Funga mdomo, uvume Sa pamoja na tanpura. Ukiwa kando kidogo, sauti yako na ya uzi zitapigana, utasikia wimbi linalopanda na kushuka haraka. Sogea taratibu, wimbi litapungua kasi, na ukifika penyewe utashindwa kutenga sauti yako na ya nyuzi. Ukishakaa hapo ndipo uiruhusu bansuri iingie. Filimbi hiyo ya mwanzi ina matundu sita ya vidole, na fundi anayafungua kwa kuteleza badala ya kuruka, ndiyo maana sauti inavutwa kama mpira. Bila Sa kichwani, mvuto huo ni mapambo tu. Ukiwa nayo, utajua kila mara imekwenda umbali gani na inarudi lini.

Upande wa Tibet utakuta jamaa. Gyaling ni zumari, Mjomba, ukoo mmoja na zumari zetu za pwani na shehnai ya Wahindi. Hata mbinu ni ile ile ya kuvuta pumzi puani huku mashavu yakisukuma hewa, mlio usikatike. Dungchen ni baragumu refu la shaba, mita tatu hivi, na hupigwa mawili pamoja ili mmoja akivuta pumzi mwenzake aendelee. Matoazi yao huanza polepole kisha huongeza kasi hadi yanakuwa mvua. Usijaribu kuyahesabu kama tintal, utapotea bure. Na hii ni ibada, waimbaji hawamtumbuizi mtu, kwa hiyo usingoje kiitikio.

Jambo moja linalonikera: mabakuli ya shaba yanayouzwa kila mahali kwa jina la Tibet. Katika ibada za nyumba za watawa sauti zake si sehemu ya muziki. Zilienea Magharibi hasa baada ya Henry Wolff na Nancy Hennings kuzirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Zina uzuri wake, lakini zinahitaji mkono mwangalifu. Sauti ya pili ya bakuli iko karibu mara 2.7 juu ya ile ya kwanza, wakati uzi wa tanpura una sauti zilizo mara 2, mara 3, mara 4 kamili. Mtayarishaji asipochagua bakuli linaloangukia Sa au Pa, hivyo viwili vitasuguana kwa dakika kumi nzima na wewe utaumwa kichwa bila kujua kwa nini. Hivyo ndivyo ninavyopima mchanganyiko wowote: je, mgeni amekuja kwenye Sa ya mwenyeji?

Waliofaulu wapo. Ani Choying Drolma, mtawa wa Nepal aliyelelewa Nagi Gonpa juu ya Kathmandu, na Steve Tibbetts, mpiga gitaa wa hapa Minnesota, walitoa albamu ya Chö mwaka 1997. Sikiliza jinsi gitaa linavyokaa nyuma, likiuzunguka uimbaji bila kuulazimisha mapigo. Ndicho kipande cha nne.

Sasa chumba. Ziweke spika mita mbili baina ya moja na nyingine, nawe ukae mita mbili kutoka kila moja, zisigusane na ukuta. Nusu mita inatosha. Kuta zenu za mawe zinarudisha sauti, basi tandika zulia na utundike kanga mbili tatu nyuma yako. Feni ya dari izimwe: inafunika mikia ya kengele, na spika zikiwa chini yake mapanga hukatakata mlio.

Kwenye simu zima kiongeza besi, na ile sehemu inayochanganya mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine. Ukinakili mafaili, usikubali mtu ayapunguze. Dakika 10 za MP3 ya kiwango cha kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 24 hivi. Za 128 ni kama 10, lakini matoazi yanageuka kuwa maji yanayochuruzika.

Sauti ipange kwa tanpura, isikike wazi bila kusumbua, kisha usiguse tena. Isipokuwa kipande cha tano: dungchen zinaingia bila onyo, basi punguza kwanza kama watoto wamelala.

Nisalimie Shangazi na wote nyumbani.

Mpwa wako