Wazazi, tukifunga chuo Desemba mtupigie simu asubuhi yetu

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi toka Minnesota, Marekani. Mi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu huku, kwetu ni Tanga, na gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila siku kabla sijatoka kitandani. Naandika kwa sababu Desemba inakaribia na najua kuna watoto wengi wa Kibongo wameingia vyuo vya huku mwezi wa nane, hii ndo likizo yao ya kwanza ya baridi, na nikiikumbuka ya kwangu naomba isiwakute kama ilivyonikuta mimi.

Kwa asiyejua, vyuo vingi vya Marekani vinafunga katikati ya Desemba mitihani ikiisha, mnarudi katikati ya Januari au baadaye kidogo, yaani kama wiki 3 mpaka 5. Wenyeji wanaenda kwao. Wewe nauli ya kwenda Bongo na kurudi huna, hosteli nyingi zinafungwa inabidi uombe mapema kubaki, na kantini nayo inafungwa kwahiyo kula ni juu yako. Korido yetu nzima tulibaki watatu, mimi na Mkenya mmoja na dada mmoja wa Burundi, na sikuwa nimewazoea bado.

Nilijiambia ntapumzika siku mbili tatu halafu naanza kusoma. Basi nikawa nalala saa tisa usiku nimeshika simu, naamka saa nane mchana. Sasa Desemba huku jua linazama saa kumi na nusu, piga hesabu mwenyewe, nilikuwa naliona jua masaa mawili na nusu kwa siku na hapo ni kupitia dirisha lililoganda barafu pembeni. Wiki mbili nzima. Kwenye daftari nilikuwa nimejiandikia mambo 14 ya kufanya likizo hiyo, kurudia kalkulasi (somo la hesabu), kujifunza kompyuta, kusoma vitabu, kupunguza mwili, kila kitu, na sikufanya hata moja. Nikawa nalia bila sababu nikajua naumwa. Baadae ndo nikaelewa kuwa kukosa mwanga kunawaangusha watu wengi huku kila msimu wa baridi, madaktari wanalijua vizuri, ila sisi tuliotoka kwenye jua la mwaka mzima hamna aliyetuambia.

Aliyeninyanyua ni mama. Ana genge mtaani kwetu, na siku moja akanipigia saa kumi na moja jioni ya kwao, huku ni saa mbili asubuhi maana tunapishana masaa tisa, nikapokea na sauti ya usingizi akashtuka sana. Hakunigombeza. Toka siku hiyo akawa anapiga kila siku muda uleule, anaiegemeza simu kwenye tenga la nyanya, mi namuona anavyochambua zilizoanza kulainika anaziweka pembeni za kuuza fungu, ananiuliza leo unafanya nini na we unajua mama akikuuliza kesho yake lazima uwe na jibu. Dakika kumi tu! Lakini nikawa nimeshaamka, jua ndo kwanza linatoka, siku ni yangu.

Yale mambo 14 nikayaacha nikabaki na mawili. Moja ni kazi. Hapa wazazi naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo panapoharibika. Sisi wenye viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi, tunaruhusiwa kazi za ndani ya chuo masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, vyuo vikifunga tunaweza kufanya hata za siku nzima, lakini ndani ya chuo. Nje ya chuo mpaka uwe na kibali maalum. Mimi nilipata maktaba, kupanga vitabu kwenye shelfu na kuhesabu, kazi ya kimyakimya lakini kuna watu, kuna joto, kuna madirisha makubwa. Sasa huko nyumbani mjomba ananipigia ananiambia si uko likizo, nenda hata mgahawani uoshe vyombo wakulipe mkononi utume chochote. Mjomba nampenda na shida za nyumbani nazijua, lakini mwanafunzi akikamatwa na kazi hiyo anapoteza viza na masomo yote, miaka yote ile inakuwa bure. Tafadhalini sana msitusukume huko.

La pili ni kalkulasi, nilikuwa nimepata C na huku hamna kusapu kama vyuo vya nyumbani, ukifeli unarudia somo zima na kulilipia tena. Nikamwandikia imeili profesa wa muhula unaofuata nikamuomba silabasi, akanitumia siku hiyohiyo, nikawa nasoma saa moja tu kwa siku baada ya kazi. Saa moja, sio zaidi. Tulivyofungua zile sura tatu za mwanzo nilikuwa nazijua.

Jioni tukawa tunapika pamoja wale watatu. Jumamosi tunapanda basi mpaka Cedar-Riverside kule Minneapolis kwenye maduka ya Wasomali, wengi wao wamepitia Kenya Kiswahili wanakimwaga tu, unapata unga na viungo na sambusa za moto nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Siku niliyosonga ugali wangu wa kwanza huku nilijisikia mtu tena.

Kuna vitu vingine vidogo ambavyo likizo ndo muda wake. Siivii, yaani wasifu wa kuombea kazi, andika upya, ya huku ni ukurasa mmoja, haina picha wala umri wala dini wala kama umeolewa, zile zetu za nyumbani wanaziweka pembeni, na nafasi za mafunzo ya kazi za kiangazi zinaanza kuombwa mapema sana hata kabla ya Januari. Na ile fomu 8843 ya kodi unatakiwa uijaze hata kama hujaingiza senti, mimi mwaka wa kwanza nilidhani hainihusu. Anayesafiri nje ya nchi ahakikishe I-20 yake, ile karatasi ya chuo inayothibitisha we ni mwanafunzi, ina saini ya kusafiria kabla ofisi za chuo hazijafungwa.

Mwaka huu nabaki tena. Nimeshaomba chumba, maktaba wameniandika kuanzia tarehe 18, na mama nimemtumia hela ya bando la mwezi mzima.

Msomaji wenu,
Minnesota, Marekani