Mtoto wa jicho hangojewi aive

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wenzangu tulio na wazee nyumbani hapa Mombasa.

Mamangu ana miaka 74, na kazi yake tangu ujana ni kutunga asumini na kufunga vikuba vya harusi. Miaka mitatu iliyopita alianza kutia uzi kwenye tundu la sindano bila miwani. Tulifurahi sote, tukasema macho yamerudi ujana. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya mtoto wa jicho. Lenzi ya ndani ya jicho, ile iliyo nyuma ya mboni, ikianza kuingia ukungu na kuwa ngumu kwa umri, huweza kupinda mwanga kupita kawaida. Mzee akaona vya karibu vizuri kwa muda, huku vya mbali vinampotea.

Na kweli vilimpotea. Akiketi barazani jioni, watu wa upande wa pili wa njia humpungia mkono naye kimya, hata jirani mmoja akanung'unika kwamba siku hizi mama hapokei salamu. Taa za tuktuk zikawa zinamchoma, akaacha kutoka baada ya Magharibi. Kisha siku moja akatunga asumini zilizokwisha geuka manjano pamoja na mbichi, kwa kuwa machoni mwake zote zilikuwa rangi moja. Mwenye harusi akavirudisha vikuba. Siku ile mama alilia.

Nasi tulikuwa tukifanya nini? Tulisema ni uzee. Duka moja la dawa likatuuzia matone ya "kuyeyusha", tukayatia miezi mitano. Nimekuja kuelezwa na daktari wa macho kwamba hakuna tone linaloyeyusha mtoto wa jicho, wala asali, wala maziwa ya mama anayenyonyesha, ambayo badala yake yanaweza kuingiza vijidudu na kulitia jicho vidonda. Mwisho tukaambiwa na wakubwa wetu: mwache kwanza aive.

Neno hili la kuiva ndilo linaloniuma zaidi. Zamani lilikuwa na maana yake. Lenzi ilitolewa na mahali pake pakaachwa patupu, mgonjwa akavaa miwani minene maisha yake yote, kwa hiyo hakupasuliwa mtu ambaye bado anaona kidogo. Lakini tangu mwaka 1949, daktari wa macho Harold Ridley alipoweka lenzi ya plastiki ndani ya jicho la mgonjwa kule London, mambo yalianza kubadilika, na leo kupandikiza lenzi ndiyo kawaida. Anayengoja sasa anajizidishia taabu. Lenzi ikikomaa sana huwa ngumu kutoa, na pengine huvimba ikapandisha presha ya jicho, na presha hiyo ikiharibu mshipa wa kuonea, hakuna wa kuurudisha. La kumuuliza mzee ni kama ukungu umeanza kumzuilia shughuli zake.

Siku ya upasuaji mama alipigwa ganzi, akawa macho muda wote, na haikuzidi nusu saa. Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Tulipofika nyumbani alisimama ukumbini akauliza, "Chokaa hii mmepaka lini?" Hatukuwa tumepaka.

Kilichokuwa kikimtia hofu kuliko kisu ni sala. Aliambiwa asiiname kwa siku za mwanzo na maji yasiingie jichoni, akadhani atakosa sijida na udhu. Sheikh wa mtaa alimweleza rukhsa ya mgonjwa, akasali kitini kwa moyo mtulivu. Najua wazee wengi wanaoahirisha kwa sababu hii na hawasemi. Maimamu wetu wakiligusia kwenye darsa, watakuwa wamewafungulia njia.

Si kila giza ni mtoto wa jicho. Mwenye kisukari apimwe pia nyuma ya jicho, maana pakiwa pameharibika, lenzi mpya peke yake haitamrudishia yote. Na ukungu ukirudi miezi au miaka baadaye, huwa ni utando ulioachwa kushikilia lenzi. Husafishwa kwa mwale wa leza, bila kisu.

Kambi za macho hutangazwa misikitini na makanisani, nazo hupita. Mzee wa Likoni au Kisauni hawezi kupanda feri au matatu peke yake hali haoni, na vijana tuko kazini. Kwa hivyo nawaomba wenzangu tuombe ruhusa ya siku moja. Tuulize mapema pia SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani. Nawe Mhariri, nakuomba tarehe za kambi hizo uzichapishe kwa herufi kubwa, wiki mbili kabla.

Jicho la pili la mama litafanywa mwezi ujao. Safari hii siku ameiweka mwenyewe, baada ya kumaliza vikuba vya harusi mbili.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa