Kufuli langu lililokatwa na baiskeli isiyo na mahali

Kwa Meneja,
Kampuni inayosimamia jengo letu,
Kampala.

Ndugu Meneja,

KUH: KUKATWA KWA KUFULI LANGU, NA BAISKELI KUZUIWA LANGONI

Salamu kwako na kwa wote ofisini. Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi iliyopanga ghorofa ya nne. Mimi na wewe hatujakutana, ila baiskeli yangu unaijua: ni ile nyeusi yenye karia ndefu, iliyolala usiku mmoja katika chumba cha jenereta wiki iliyopita, ikiwa imeegemewa na mapipa ya rangi.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza mimi ni mtu wa Busia, na kwetu mpakani usipojua Kiswahili hununui hata nyanya. Pili, hiyo ndiyo lugha ambayo askari wenu hunifukuzia. Wenye magari huambiwa habari ya asubuhi kwa Kiingereza, wauza matunda huongeleshwa Kiganda, mimi nikitokea napewa Kiswahili cha kambini: "Simama hapo! Rudi nyuma!" Basi tuelewane kwa lugha hiyohiyo. Baraza la Mawaziri lilishapitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, kwa hiyo sidhani barua hii itakosa msomaji.

Jumanne iliyopita nilifika saa moja kasorobo asubuhi, kabla magari hayajajaa. Niliifunga baiskeli kwenye bomba la maji nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, mahali nilipoonyeshwa na askari wa zamu ya usiku mwenyewe, mzee mmoja mstaarabu ambaye naomba asiadhibiwe kwa kunihurumia. Saa kumi na moja jioni nilishuka nikakuta bomba lipo, baiskeli haipo, na kufuli langu liko chini, vipande viwili. Nilidhani nimeibiwa. Nilikimbia mpaka langoni nikitetemeka. Askari wa mchana akanijibu bila hata kuinuka kitini: "Tumeikata sisi. Amri kutoka juu."

Kwanza moyo ulitulia, maana haikuwa imeibwa. Kisha hasira ikapanda.

Niliambiwa nilipe shilingi 20,000 za "kuegesha pasiporuhusiwa", na kwamba mwenye ufunguo wa chumba cha jenereta ameshaenda nyumbani. Nikarudi nyumbani Kawempe kwa taksi, zile basi ndogo za abiria. Kesho yake nilipokabidhiwa baiskeli, taa ya mbele haikuwapo, pampu haikuwapo, gurudumu la mbele limepinda na spoki tatu zimekatika. Nikauliza taa iko wapi. Nikaulizwa kama nina uhakika ilikuwa na taa.

Hesabu ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nakuwekea hapa. Kufuli jipya 25,000. Taa 18,000. Pampu 12,000. Fundi wa Bwaise kubadilisha spoki na kunyoosha rimu 15,000. Jumlisha faini yenu 20,000, inakuwa shilingi 90,000. Risiti ya faini nimeiambatanisha pamoja na za dukani. Fundi wa Bwaise hana risiti, ila ana kumbukumbu nzuri, ukitaka nitakupeleka.

Sasa utasema: kwa nini hukuegesha ndani kama watu wengine? Ndugu Meneja, nilijaribu tangu mwezi wa kwanza nilipoanza kazi hapa. Bango lenu la langoni lina bei ya gari kwa saa, na lina bei ya bodaboda kwa siku. Baiskeli haimo. Nilidhani kutokuwamo maana yake ni bure. Kumbe maana yake ni hakuna.

Na lango lenyewe halinioni. Chini ya lami pale mmezika waya uliozungushwa mara kadhaa, unaopitisha umeme. Chuma kingi kikisimama juu yake, mashine inahisi na ule mti wa rangi nyekundu na nyeupe unanyanyuka. Gari lina chuma cha kutosha. Baiskeli yangu ni mabomba membamba na hewa katikati, kwa hiyo kwa mashine yenu mimi ni kivuli tu. Wiki za mwanzo nilikuwa napenya nyuma ya gari. Asubuhi moja mashine ikahesabu kwamba gari limeshapita, ikaushusha mti ukanipiga begani, na wasichana wa duka la simu walicheka mpaka nikacheka nao. Baada ya hapo nikamwomba askari awe ananibonyezea kitufe. Akasema kila akibonyeza lazima tiketi itoke, na kila tiketi lazima iwe na namba ya chombo, na baiskeli haina namba. Nikamwambia ina namba, imegongwa kwenye fremu hapa chini karibu na pedali, niipindue uione? Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

Tangu hapo nimekuwa mkimbizi wa kuegesha. Nimewahi kuifunga kwenye nguzo ya bango lenu lisemalo "Usiegeshe Hapa", nakiri, na siku hiyo mlinitoa upepo magurudumu yote mawili. Nimewahi kuiacha kwa vijana wa steji ya boda kwa shilingi 1,000 kwa siku, mpaka mmoja wao akaanza kuipeleka sokoni mchana bila kuniuliza. Nilijua kwa maganda ya matoke niliyoyakuta kwenye karia. Nimejaribu kuipandisha ghorofa ya nne kwa ngazi, begani. Mama wa usafi akanisihi kwa upole kwamba tope linalodondoka ni yeye atakayelifuta. Alikuwa na haki. Sikurudia.

Nataka ujue baiskeli hiyo imetoka wapi kabla ya kufika langoni kwenu. Kutoka Kawempe nateremka Barabara ya Bombo hadi Bwaise. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, maji ya vilima vyote vya pande zile hukutana pale, na mitaro isiyofunikwa inapotea chini ya maji ya kahawia. Nimeyakariri mashimo yale kama mtu anavyokariri sala. Kisha ni kupanda kuelekea Makerere Kavule, moshi wa malori usoni, halafu Wandegeya, ambako boda zinakuja upande wangu zikinipigia honi kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Taksi ndizo mbaya zaidi. Nchi hii tunaendesha kushoto, mlango wa taksi uko kushoto, na konda huruka kabla gari halijasimama, anatua palepale ambapo sheria inaniambia nikae. Hayo siwalaumu ninyi. Nayataja ili uelewe kwamba mtu akishavuka yote hayo salama, shati likiwa limemgandia mgongoni, anatazamia angalau sehemu ya kufika. Mimi safari yangu ngumu kuliko zote ni zile mita 20 za mwisho, kutoka barabarani hadi ukutani kwenu.

Wenzangu ofisini huniuliza kwa nini nisipande taksi kama watu. Sababu ni mshahara, sitaficha. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na ile inayopanda mvua ikinyesha, kwa mwezi ni ada ya mtoto mmoja. Lakini pia nafika kwa muda ninaoujua. Mwenye gari kutoka Kawempe hajui atafika saa ngapi. Mimi najua, labda pancha initokee, na pancha ni dakika 15 nikiwa na pampu. Ile pampu.

Kuna jambo moja la bango lenu ambalo limenikaa rohoni. Mmeandika "BODABODA" kwa herufi kubwa, mkazijengea kibanda cha mabati zisinyeshewe. Sawa, zinastahili. Ila jina hilo, Ndugu Meneja, limezaliwa Busia, na limezaliwa juu ya baiskeli. Mtu akishuka kwenye basi upande mmoja wa mpaka alikuwa na mwendo mrefu wa miguu na mizigo yake hadi upande wa pili, na vijana wenye baiskeli wakawa wanamwita kwa Kiingereza cha mpakani, boda-boda, yaani nikuvushe kutoka mpaka hadi mpaka. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na baiskeli ya gurudumu la inchi 28, breki za vyuma, karia ameishonea mto wa sponji, na akina mama walikaa upande na watoto mapajani. Nimesomeshwa na karia ile. Pikipiki zilikuja baadaye, zikachukua abiria, zikachukua na jina. Leo naambiwa langoni kwamba bodaboda inaruhusiwa, baiskeli hapana! Baba angecheka sana.

Halafu kuna lile bango la kwenye lifti. Mlilibandika tarehe 3 Juni, Siku ya Baiskeli Duniani kama Umoja wa Mataifa ulivyoitangaza mwaka 2018. Hapa kwetu siku hiyo ni Siku ya Mashahidi wa Uganda, ofisi zimefungwa na watu wako hija Namugongo, wengine wamefika kwa miguu kutoka mbali kabisa, kwa hiyo nililiona kesho yake. Picha ya mzungu mwenye kofia ngumu anaendesha baiskeli katikati ya majani mabichi, na maneno kwamba jengo letu linajali mazingira. Nimepanda na picha hiyo mara nyingi. Kila mara najiuliza: huyu bwana akiteremka hapo kwenye majani akaja langoni kwetu, askari atamwambia "Rudi nyuma"? Nadhani atafunguliwa. Na hapo ndipo penye kidonda. Kinachozuiwa langoni ni ile sura ya baiskeli tuliyoizoea, ya mtu maskini aliyebeba makaa au fenesi, inayoonekana kuchafua vioo vya jengo. Niambieni hivyo wazi, msizungukie mashine na tiketi.

Serikali ilishaandika sera ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli mwaka 2012, na hapa mjini Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum zilitengenezewa njia yao. Najua siku nyingine hukuta njia hiyo imejaa pikipiki zilizoegeshwa na wamama wenye beseni za maembe. Hata hivyo ipo. Jengo lenu ni la kisasa kuliko barabara hizo, lina lifti inayoongea, na halina chuma kimoja cha kufungia baiskeli.

Ninachoomba si kikubwa. Nirudishiwe shilingi 90,000, au mzikate kwenye kodi ya ofisi yetu na mwajiri wangu anipe. Njia yoyote itakayowarahisishia. Kuhusu mahali: nafasi ya gari moja, ile ya pembeni karibu na nguzo ambayo hakuna dereva anayeitaka kwa kuwa anakwangua mlango, inatosha baiskeli kumi. Mafundi wa Katwe wanakunja bomba la chuma likawa kama mlango usio na ubao, mnalichimbia kwenye zege, na kila moja linabeba baiskeli mbili, huku na huku. Mabomba matano tu. Tafadhali msinunue vile vyuma vya kushika gurudumu la mbele peke yake. Baiskeli ikisukumwa kidogo rimu inapinda, na mwizi anakuachia gurudumu anaondoka na mengine yote. Na pembeni ya lango muache upenyo wa mita moja, ili tusilazimike kubishana na mti wenu.

Sisi si wengi. Nimehesabu watano: mimi, kijana wa kupeleka barua ghorofa ya pili, fundi umeme wenu mwenyewe, dada mmoja wa duka la dawa, na yule mzee wa zamu ya usiku, ambaye baiskeli yake huificha nyuma ya tangi la maji, na sasa nimeshamtaja, basi naomba tena asiguswe. Wengine wangependa, wameniambia, ila wanaogopa kufanyiwa kama nilivyofanyiwa.

Kama kuna kanuni iliyoandikwa inayokataza baiskeli ndani ya eneo la jengo, naomba nakala yake. Katika mkataba wa ofisi yetu, ambao nimeusoma wote kwa kuwa mimi ndiye ninayelipia kodi benki kila mwezi, haimo. Na kama faini ya 20,000 ina kifungu chake, naomba nacho, kwa sababu risiti mliyonipa imeandikwa "mengineyo".

Jumatatu nitafika saa moja kasorobo kama kawaida. Gurudumu limenyooka, kufuli ni jipya. Naomba kabla ya siku hiyo mniambie nilifunge wapi.

Wako katika ujirani,

Karani wa hesabu,
Ghorofa ya nne.

Viambatanisho: risiti ya faini, risiti tatu za dukani, picha ya kufuli lililokatwa.