Usimalizie hela ya kiwanja kwanza

Naliendele, Mtwara
Oktoba

Shoga yangu Somoe,

Salaam nyingi. Huku wazima, watoto wanakuulizia kila siku. Picha za kiwanja nimeziona, na nimefika mwenyewe mpaka pale. Nakuomba hela iliyobaki usiitume bado.

Ni shamba la mikorosho lililokatwa vipande vya mita 20 kwa 20. Bikoni zipo, barabara ipo. Dalali alinieleza habari za nguzo za umeme mpaka akachoka, lakini maji ya chooni yataenda wapi hakugusia. Pale hakuna bomba la majitaka. Kila nyumba na shimo lake.

Unakumbuka yaliyonipata nyumba ya kwanza. Nilichimba Agosti, ardhi kavu, nikaridhika. Kufika Februari shimo limejaa, maji yanarudi chooni, gari la kunyonya limekuja mara tatu. Mama alikuwa anaumwa, tukawa tunamshika mkono usiku kumpeleka choo cha jirani. Sitaki yakukute.

Basi juzi nilikwenda na shemeji yako. Tulichimba shimo la kupima udongo unavyonywa maji kwenye kiwanja chako na jingine kwenye kile cha juu ambacho hakijauzwa, kina cha kiunoni. Kuta tulizikwaruza kwa kisu, maana jembe huzilainisha kama zimepigwa lipu, maji yasipite. Chini tukatandika kokoto. Jioni tukajaza maji, yakanywewe usiku kucha: udongo mkavu siku ya kwanza hunywa kwa pupa, ukadhani ni mzuri. Asubuhi tukaweka maji sentimita 15 juu ya kokoto, rula ya mtoto tumeifunga kwenye fito, tukakaa na saa.

Juu, karibu na barabara, maji yalishuka sentimita 2.5 kwa dakika 9. Hapo pazuri. Kwako, upande wa bondeni, nusu saa nzima hayakushuka hata sentimita 1. Yametuama tu, rangi ya chai ya maziwa. Udongo wake ukiuviringisha kiganjani unakuwa kamba. Wapimaji hukataa pakizidi dakika 60 kwa hizo sentimita 2.5, na hukataa pia pakiwa chini ya dakika 1, kwa sababu mchanga wa namna hiyo hupitisha uchafu kabla haujachujika.

Halafu kisima. Umesema utachimba chako. Kati ya kisima na shimo la majitaka inashauriwa mita 30. Somoe, kiwanja cha 20 kwa 20 ukikipima pembe hadi pembe unapata mita 28 na kidogo! Utakiweka wapi? Na majirani nao kila mtu atachimba shimo lake anapopenda, pengine ukutani kwako.

Nimezungumza na mwenye shamba, mzee msikivu. Nimemwomba amwite bwana afya kabla viwanja vingine havijauzwa, kisima kiwe kimoja cha wote, kule juu, na mashimo yapangiwe sehemu mbali nacho. Nimemwomba pia akubadilishie kiwanja, uchukue cha juu. Amesema atafikiria.

Shimo lako sijalifukia. Nimelifunika kwa magogo na makuti, mtoto wa mtu asitumbukie. Mvua zikikolea nitarudi kuangalia maji yamesimama kina gani, na jioni hiyohiyo nitakupigia.

Wako,
Zuhura