Tangawizi kwenye kahawa imekuwa ushamba lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze yaliyonikuta Jumamosi iliyopita hapa Dar es Salaam. Binti yangu alinipeleka kwenye mgahawa mpya wa kahawa, si tawi la kampuni kubwa, ni wa vijana wetu waliochangishana mtaji. Jina silitaji, maana sina ugomvi nao. Nina neno moja tu.

Kwanza niwape haki yao. Kahawa yote ni ya hapa nchini. Mifuko iliyopangwa rafuni imeandikwa Mbinga, Mbozi, Karatu, na buni wanakaanga wenyewe nyuma ya duka, harufu inakupokea ungali barabarani. Kijana wa kaunta aliniamkia vizuri, akapima kahawa gramu 15 kwenye mzani mdogo kama wa sonara, akaisaga palepale, akaitia kwenye karatasi ya kuchujia na kuimiminia maji ya moto kidogokidogo, akizungusha mkono, jicho moja kwenye saa. Birika lake lilikuwa na mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda. Nikacheka moyoni: huyu ni ndugu yake mdila, ila hajawahi kupigwa na moshi.

Mdila naujua. Marehemu baba yangu mdogo aliuza kahawa Kariakoo miaka mingi, mkono mmoja umebeba mdila na jiko lake la mkaa chini, mkono wa pili unagonganisha vikombe. Wateja walimjua kwa mlio kabla hawajamwona. Alfajiri alikaanga buni mpaka ziwe nyeusi tii, akazitwanga kwenye kinu. Tangawizi kavu aliitwanga peke yake, akaipima kwa kiganja, na iliki punje chache, siku za Ijumaa akiongeza. Wakati wa likizo kazi yangu ilikuwa kusuuza vikombe kwenye ndoo, na ujira wangu kashata.

Basi kikombe kikaja, nikaonja. Chachu! Kijana akanieleza kwa upole kwamba wao hawakaangi sana, buni wanaziacha na rangi ya udongo, kwa sababu moto ukizidi ule uchachu wa tunda hufa na kubaki uchungu mtupu. Nikamwelewa. Funda la tatu hata nililipenda. Nikamuuliza, "Mwanangu, tangawizi ipo?"

"Mzee, hapa hatuchanganyi vitu. Kahawa ni kahawa."

Jirani wa meza ya pili akainua macho kwenye kompyuta yake. Binti yangu akaanza kusoma simu ambayo haikuwa imeita.

Mhariri, juu ya kichwa cha kijana yule kulikuwa na ubao, wote Kiingereza, na ubaoni kuna kahawa ya vanila na kahawa ya karameli, shilingi 7,000 kila moja. Hizo vanila na karameli zinamiminwa kutoka kwenye chupa za sharubati, nimeziona kwa macho yangu zimejipanga karibu na mashine. Kwa hiyo wanachanganya, tena sana. Kilichokataliwa ni tangawizi peke yake.

Nauliza, tangawizi imekuwa ushamba lini? Hata neno lenyewe, kahawa, tumelipata kwa Waarabu, na Waomani mpaka leo humkaribisha mgeni kwa kahawa yenye iliki. Kule Kagera, kabla mkoloni hajafika na mashamba yake, Wahaya walikuwa wakichemsha matunda ya kahawa pamoja na majani yenye harufu, wakayakausha na kumpa mgeni atafune. Hawa wote walikuwa wanachanganya vitu. Anayetaka kuinywa tupu ainywe, ni haki yake, na ile ya Mbozi kwa kweli haihitaji msaada. Lakini asinifundishe kwamba kinywaji nilicholelewa nacho ni makosa, huku ananiuzia karameli.

Halafu kuna bei. Kikombe changu kilikuwa shilingi 6,000. Kijiweni kwetu Ilala kikombe ni 200, kwa hiyo nilikunywa vikombe thelathini kwa mkupuo mmoja, tena bila hata mtu wa kubishana naye habari za Simba na Yanga. Silalamikii hesabu zao. Pango la mjini nalijua, na mashine ile haikuokotwa. Nasema tu kwamba muuza duka wa jirani na dereva wa bodaboda anayeegesha pale mlangoni hawataingia kamwe, na hao ndio wanaokunywa kahawa kila siku ya Mungu.

Ombi langu kwa vijana hawa ni dogo. Waweke ubaoni mstari mmoja wa Kiswahili: kahawa chungu, kikombe kidogo, shilingi 1,000, na kipande cha kashata pembeni. Waikaange buni ya Mbinga mpaka iwe nyeusi, waitwangie tangawizi kavu, wachemshe. Wanao mzani, watapata kipimo kizuri kuliko kiganja cha baba yangu mdogo. Kinu chake bado ninacho nyumbani, wakikitaka nitawaazima.

Jumamosi ijayo nitarudi pale. Binti yangu amekataa kunisindikiza, kwa sababu nimemwambia tangawizi nitakuja nayo mfukoni.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam