Usimpelekee mzee ile chupa

Swahiba,

Vipi hali yako, na shem hajambo? Huku sote wazima, kusi limeshaanza, usiku hapa mjini mpaka unalitafuta shuka. Nilikwambia kwenye simu subiri usiinunue ile wiski ya pipa la ramu mpaka niionje mwenyewe, basi nimeionja, siku tatu yakhe, si mara moja, na jibu langu ni hapana, usimpelekee baba mkwe ile chupa. Mzee kafanya kazi melini miaka yote ile, wiski anaijua kuliko mie na weye, atapiga funda moja atanyamaza, na mzee wa namna ile akinyamaza mbele ya washenga bora hata angesema.

Sasa nikueleze vizuri, maana najua ulivyoipania. Nilimwagiza mtu akaniletea kutoka Dar, laki mbili na ushee, pesa yangu mwenyewe. Boksi zuri mashallah, mnazi, pipa, maandishi ya dhahabu, singo molti ya Uskoti, yaani wiski ya shayiri tupu ya kiwanda kimoja, iliyomaliziwa kwenye mapipa ya ramu ya Karibea. Nikalizungusha boksi lote natafuta miaka iliyolala pipani, hamna. Nguvu ya kilevi asilimia 40, ambayo ndo ya chini kabisa wanayoruhusiwa, ikishuka hapo haiitwi skochi, wiski ya Uskoti, tena. Hilo peke yake si kosa, zipo za 40 nzuri tu, lakini hapo moyo ukaanza kusita.

Jumapili nimetoka misa Minara Miwili nikaja nyumbani nikafunga mlango, si unajua majirani zangu watu wa dini na tunaheshimiana sana, sipendi harufu iwafikie. Nikatoa ile glasi yangu yenye mdomo mwembamba, nikamimina kidogo, rangi imekoza kama chai ya rangi iliyolala kwenye chupa. Nikasema ewaa, ramu hii imeingia. Nikainusa. Kitu cha kwanza kilichonipiga ni spiriti, ile ya pamba ya sindano, alafu ndizi mbivu kwa mbali, vanila kidogo, na nyuma yake kama boksi lililolowa maji. Bas. Nikaifunika na kisahani robo saa nzima, nikafunua haraka nikaingiza pua, ndizi imeondoka boksi limebaki.

Mie nilikuwa nasubiri nini? Nilikuwa nasubiri sukari guru, nanasi lililoiva mpaka linaanza kutoka maji, mdalasini, ile harufu nzito ya molasi inayokukaba ukipita Mahonda kiwanda kinasaga miwa. Maana ramu ni muwa yakhe, na pipa lililolala ramu lina haki ya kunukia muwa.

Mdomoni ndo nilihuzunika hasa. Inagusa ncha ya ulimi na utamu wa maji ya sukari, unangoja kitu kifuate, hakifuati, katikati pamekuwa patupu kabisa, alafu mwisho inakuja uchungu wa ukuni na moto kidogo kooni na imekwisha. Nikadondosha matone matatu ya maji na mrija, kuna nyengine ukizitia maji zinafunguka kama ua, hii ikapwaya zaidi. Jumatatu nikajaribu tena baada ya kula, Jumanne kabla ya kula, ile ile.

Nikaikumbuka ile Balvenie, singo molti nyengine ya Uskoti, unaikumbuka? Usiku ule umeme umekatika tuko kaunta na mishumaa, yule mgeni akatumiminia mie na weye kidogo kidogo, ya miaka 14, nayo imemaliziwa pipa la ramu na ni asilimia 43 tu, lakini ulisema "hii kama mtu kaikunja ndani ya halua" na mie sijasahau mpaka leo. Kwa hiyo kosa si la pipa la ramu, watu wanaweza sana wakitaka. Wale Balvenie wenyewe ndo wa mwanzo mwanzo kwenye mambo haya ya kuhamisha wiski pipa la pili, fundi wao wa wiski David Stewart alianza kuyafanya miaka ya 1980.

Nimekaa nikafikiri hii ilikosea wapi, na nionavyo mie ni hivi. Unaukumbuka mtungi wa bibi kule ng'ambo, ule aliokuwa anaufukiza ubani kabla hajatia maji? Ukifukiza vizuri ukatia maji yakalala usiku kucha, asubuhi ukichota kata moja unausikia ubani mpaka kifuani. Lakini ukitia maji ukachota saa ile ile hupati kitu, na ukijaza mara ya tano bila kufukiza tena umebaki udongo mtupu. Pipa ni vivo hivo. Hii wiski ya shayiri lazima ilale pipa la mwaloni kule kule Uskoti miaka 3 kwa uchache, na mara nyingi pipa lenyewe limetoka Marekani limeshatumika kwa wiski yao ya mahindi inayoitwa bourbon, kwa sababu wale sheria yao inawataka pipa jipya lililochomwa ndani kila mara, wakimaliza wanayauza. Hapo sawa. Ila likija lile pipa la pili la ramu, sheria haisemi ikae siku ngapi. Unaweza kuilaza miaka, unaweza kuilaza wiki kadhaa ukaandika ramu kwenye boksi kwa herufi kubwa. Na ile rangi iliyonidanganya? Karameli inaruhusiwa kutiwa, kwa hiyo rangi usiiamini hata kidogo. Mie ulimi wangu unaniambia hii ni wiski changa iliyopitishwa haraka kwenye pipa lililochoka, na imenikera kweli, maana mtu anayeuza laki mbili ameona mnazi kwenye boksi utatosha.

Sasa weye fanya hivi. Pesa ile ile tafuta singo molti ya kawaida ya miaka 12 isiyokuwa na mbwembwe za pipa la pili, iandikwe miaka waziwazi, hiyo mzee ataiheshimu. Ukijaliwa kuongeza basi itafute ile ya miaka 14 ya usiku wa mishumaa, lakini usikope kwa ajili ya hilo, mahari yenyewe bado.

Kijana wetu mmoja anavuka Ijumaa na boti ya asubuhi, nimempa kichupa cha dawa ya kifua nimekichemsha na kukikausha vizuri, ndani nimekutilia vifunda viwili vya hii ninayoisema ili uhakikishe mwenyewe. Inuse kwanza kabla hujanywa, alafu nipigie uniambie kama na weye umelisikia lile boksi. Kichupa nirudishie.

Msalimie shem sana.

Mie wa kaunta ya Shangani