Mhariri, lori langu la jeshi lilikuja na kitabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Makambako, Tanzania, kwa sasa naishi Altoona, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Gazeti lako nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijaingia gereji. Nina ombi kwako kwa niaba ya mafundi na madereva wa nyumbani, la nafasi gazetini ya kufundisha utunzaji wa magari, ila halitaeleweka mpaka nieleze kwanza habari ya lori nililonunua.

Ni lori la jeshi la Marekani, aina ya M35A2, tairi kumi, difu mbili nyuma na moja mbele. Ukoo wa malori haya ulianza mwaka 1950. Wenyewe wanalitambua kwa mzigo wake wa porini, tani mbili na nusu; kwenye barabara nzuri linaruhusiwa kubeba karibu mara mbili ya hapo. Miaka ya 1990 jeshi lilipoanza kupata malori mapya, haya ya zamani yakaanza kutolewa. Mengine yalipewa vikosi vya zimamoto vya vijijini, mengine yakapigwa mnada. Raia yeyote anaweza kushindania bei kwenye intaneti, ila unanunua kitu kilivyo. Mimi nililipata kwa dola 4,200, na hapa hata pikapu iliyochoka inaweza kufika bei hiyo. Nililitaka kwa kazi: nachoma kuni majira ya baridi, na nina kiwanja cha mteremko ambacho gari dogo halipandi na mzigo.

Baada ya kulipa, serikali inakupa hati, wanaiita SF 97, unayoipeleka jimboni ili uandikiwe kadi ya gari. Bima ndiyo iliyonihangaisha. Kampuni kadhaa zikisikia neno jeshi zinakata simu. Nilipata moja inayokatia bima magari ya zamani, na hapo safari ikawezekana.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori ya aina hii alipokuwa askari Ujerumani. Aliposikia nimeshinda mnada, alishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake akarudi na kitabu: TM 9-2320-361-10, kitabu cha dereva. Kurasa zina alama za vidole vya mafuta. Nilikisoma usiku ule mpaka mke wangu akazima taa.

Mhariri, nimefanya ufundi tangu ujana wangu lakini sijawahi kuona kazi yetu ikielezwa namna ile. Kimeandikwa kwa ajili ya kijana aliyetoka shule jana, ambaye hajawahi kukanyaga klachi ya lori. Sentensi ni fupi. Kila kifaa kimechorwa na mshale unaokionyesha. Kuna jedwali la ukaguzi lenye sehemu tatu: kabla ya kuendesha, wakati unaendesha, na baada ya kuendesha. Linakuambia uanzie wapi, uzungukie upande gani, uangalie nini, na ukikuta kasoro gani basi gari lisitoke. Hakuna linaloachwa kwa kudhani kwamba msomaji analijua.

Siku ya kulichukua tulikwenda wawili, mimi na mzee, hadi yadi moja karibu na Chambersburg. Tulibeba betri mbili, maana umeme wake ni volti 24, grisi, na hosi mpya za breki. Hosi hizo nilizinunua kwa sababu ya kitabu. Breki za lori hili ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, na mafuta yote yanatoka kwenye masta silinda moja yenye njia moja. Ikipasuka hosi ya tairi moja, unakanyaga pedali inakwenda hadi chini na hakuna tairi hata moja inayoshika. Hosi zilizokuwamo zilikuwa na nyufa ndogo ukizikunja. Tulizibadilisha zote pale pale kwenye kokoto, tukatoa upepo kwenye mfumo, mzee akikanyaga pedali nami nikiwa chini na chupa.

Kisha nikafungua koki za chini za matangi ya upepo. Yalitoka maji ya kahawia, mazito kama chai iliyolala, yakiwa na ute wa mafuta juu yake. Yaliendelea kutoka kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Maji haya hutokana na unyevu wa hewa ambayo kompresa inaivuta. Hewa ikipoa ndani ya tangi, unyevu unageuka maji. Yasipotolewa yanakula tangi kwa kutu na yanaingia kwenye valvu, na huku kwenye baridi yanaganda yakaziba njia. Kitabu kinaagiza yamwagwe kila baada ya kazi. Kazi yenyewe inachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha maji.

Tairi moja ilikuwa na upepo mdogo. Ringi za lori hili ni za vipande, zina pete ya chuma inayoshikilia tairi. Wenzangu wa gereji za lori nyumbani wanazijua na wanajua zimeua watu: pete isipokaa vizuri, upepo ukijaa inaruka kwa nguvu ya kukata mtu. Tulifunga mnyororo kuzunguka ringi, tukaunga mpira mrefu, tukajaza tukiwa tumesimama mbali, pembeni mwa uelekeo wa pete.

Lori halina ufunguo. Unageuza swichi, unasikia pampu ya dizeli ikinguruma ndani ya tangi, unabonyeza kitufe. Liliwaka na moshi mweusi, kisha mlio wa injini ukatulia, na juu yake ukasikika ule mluzi wa tabo, feni inayosukuma hewa kwenye injini, ambao mzee alikuwa akinisimulia njia nzima. Alivua kofia. King'ora cha upepo kililia mpaka matangi yalipojaa vya kutosha, kikanyamaza, tukatoka.

Tulifuata barabara ya zamani namba 30 kuelekea magharibi. Toka Chambersburg haupiti muda kabla hujaanza kupanda mlima Tuscarora, na upande wa pili unateremka kwa kona hadi mji wa McConnellsburg. Aliyewahi kushuka mlima Kitonga hahitaji kuelezwa. Kwenye dashibodi kuna kibao cha chuma kinachoonyesha mwendo wa mwisho kwa kila gia. Ya tano inaishia maili 56 kwa saa, kama kilomita 90. Nilisimama kileleni, nikagusa ngoma za breki kwa mgongo wa mkono, nikaingiza gia ya tatu kabla ya kuanza kushuka, nikaiacha injini ishike gari. Breki nilikanyaga kwa kifupi na kuachia. Magari yalipanga foleni nyuma yetu, na palipopatikana nafasi nilijitoa pembeni yakapita. Tulipita Breezewood na Everett, kisha Bedford. Ndiyo, kuna mji unaitwa Bedford, na watu wa rika langu watajua ni malori gani yaliyonijia kichwani. Toka hapo tukapanda kaskazini hadi nyumbani, na jambo la kwanza nilipozima injini lilikuwa kuingia chini na kufungua koki zile tena.

Nilimtumia mama picha. Akapiga simu usiku huohuo: "Mwanangu, umeingia jeshi la watu?" Nikamtuliza kwamba ni gari tu, limeuzwa kihalali na nina karatasi zake. Kwetu, ambako raia haruhusiwi hata kuvaa nguo inayofanana na sare, hofu yake naielewa.

Mhariri, kilichonifanya niandike ni kwamba kitabu kile si siri. Kila mtu anaweza kukipakua bila malipo. Na jeshi hilohilo halikuishia kwenye vitabu. Mwaka 1951 lilianza kuchapa jarida dogo la kila mwezi, PS, lililoenea mfukoni, ambamo utunzaji wa vifaa ulifundishwa kwa katuni. Mchoraji wake wa kwanza, Will Eisner, alikuwa tayari bingwa wa katuni za magazetini, na alilichora hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Viongozi wa jeshi walitambua kwamba askari mchovu hatasoma kurasa kumi za maelezo juu ya chujio la hewa, lakini atasoma picha nne zenye mtu anayezungumza kama yeye. Matoleo ya zamani yanasomeka kwenye intaneti. Nimeyasoma mengi na nimejifunza mambo ambayo sikuwahi kufundishwa na mtu.

Sasa tazama nyumbani. Magari mengi tunayatumia baada ya Wajapani, na kitabu ukikikuta kwenye dashibodi kimeandikwa Kijapani. Malori makubwa yanakuja na vitabu vya Kiingereza, tena vinabaki ofisini kwa tajiri. Dereva na utingo wake wanajifunza kwa kuona na kwa kuambiwa. Siidharau njia hiyo, ndiyo iliyonilea. Baba yangu alikuwa utingo wa Scania, na fundi aliyenipokea pale Makambako aliweza kusikiliza injini akiwa ng'ambo ya barabara akakuambia ni silinda ipi inayosumbua. Alikuwa mtu wa ajabu. Amefariki, na hakuna hata karatasi moja yenye maneno yake. Vijana aliowafundisha wanajua kila mmoja kipande chake, na hicho kipande kinazidi kupungua kila kinapopokezanwa.

Naumia ninaposoma katika gazeti lako kwamba lori limefeli breki mlimani. Habari inataja idadi ya waliokufa, mwendo kasi, na dereva aliyekimbia. Kwa nadra sana inamweleza msomaji breki zinafeli vipi: zinachemka kwa kukanyagwa mfululizo, upepo unapungua kwa kuvuja, maji yamejaa tangini, au dereva ameshuka kwa gia kubwa na alipotaka kurudisha haikuingia tena. Dereva anayesoma gazeti hilo kwenye kituo cha mafuta Mikumi au Ilula angeweza kufaidika na maelezo hayo siku hiyohiyo, kabla hajapanda au kushuka.

Ombi langu ni nusu ukurasa kwa wiki. Fundi aeleze jambo moja tu, mchoraji alichore kwa picha nne au tano, na lugha iwe ile ya gereji: difu, propela shafti, niple, tingisha, kaza. Wachoraji tunao. Kizazi chetu kilikua kikigombania nakala moja ya jarida la katuni la Sani ili kumfuata Lodi Lofa, na hakuna aliyetulazimisha kusoma. Mafundi pia wapo, wa gereji kubwa na wa chini ya mwembe, na baadhi ya wazee waliounga Scania pale kiwanda cha TAMCO Kibaha huenda bado wako hai. Watafuteni mapema. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuandika. Mwandishi akae naye na kinasa sauti, fundi ashike kifaa mkononi, mchoraji awe pembeni.

Tena wanaouza malori na mabasi mapya nchini wangeweza kuombwa waweke kitabu cha dereva cha Kiswahili ndani ya kila gari. Nimeona hapa vijana wa miaka 19 wakikabidhiwa gari la tani sita na kitabu, na wakalitunza. Wetu hawana upungufu wa akili wala wa mikono.

Rasimu ya kwanza nimeshaiandika. Inahusu maji ndani ya matangi ya upepo. Mkinielekeza kwa mhariri wa makala, nitaituma wiki hii pamoja na picha nilizopiga nikiwa chini ya lori, ili mchoraji azitumie. Naomba fundi mmoja wa malori aliyeko huko aipitie kabla haijachapwa, kwani magari yenu yana mifumo ambayo mimi huku siigusi kila siku.

Msomaji wako,
Fundi wa Makambako
Altoona, Pennsylvania, Marekani